Gari Lililokunywa Petroli Likiwa Limesimama

Mjukuu wangu Kalunde,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ntalikwa tu wazima, isipokuwa goti la bibi yako. Unauliza kwa nini gari lako kubwa linamaliza petroli na wewe huendi mbali.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye duka Tabora. Gari lake lilikuwa kubwa kama chumba, na tangi likijaa halikutosha kwenda Urambo na kurudi. Akaniambia, “Unaiuza petroli yangu.” Siku moja akapanda mwenyewe ili anikamate.

Kila tulipomkuta mtu mzima nilisimama kumsalimu, habari za nyumbani, za shamba, za ng’ombe. Injini niliiacha ingurume ili mzee ajue nina haraka. Hakuna aliyewahi kujua.

Karibu na Urambo tajiri akamwona mteja wake wa asali, akashuka. Walipofika kwenye habari za wajukuu, gari likazimika lenyewe, tangi kavu.

Tajiri akanitazama. “Basi hukuiuza,” akasema.

Tukasukuma wote wawili, na kila aliyetupita alisimama kutusalimu.

Wewe endelea kusalimia watu, mama. Ila zima gari kwanza.

Babu yako