Besi na Magunia ya Mama

Jumapili jioni, Novemba

Kumbe spika hazina kosa.

Miezi mitatu nimezilaumu. Besi inavuma sebuleni kama lori linalopanda mlima, na kwaya inazama humo humo. Leo baada ya ibada nimeweka tena maiki kwenye kochi, nikapima mvumo wa chumba kwa simu, nikapunguza besi kwenye ikwalaiza, pale panaporekebishwa sauti nzito na nyembamba. Mara ya nne tangu Agosti!

Mama alikuwa mlangoni anachagua maharage.

"Mara ya kwanza ulipima lini, mwanangu?"

"Tulipomaliza kuvuna, Mama."

"Si ndiyo siku zile magunia yalikuwa yamefika dirishani?"

Nikageuka. Nyuma ya spika, tulikopanga magunia kumi na moja ya mahindi, yamebaki matatu. Mahindi ndiyo yaliyokuwa yakiimeza besi. Kila gunia lililokwenda mashineni limeacha ukuta mtupu, na ukuta unavuma.

Mvua za vuli hazijaja. Mlimani ni ukungu tu. Naogopa, niseme ukweli. Mama naye siku hizi unga anaupima kwa kikombe kidogo.

Tukasikiliza kwaya macho tumefumba. Sauti ilikuwa safi, laini, na kwa muda nikayaona magunia yote yamerudi, sebule inanukia mahindi makavu, na Mama anacheka...

"Sasa imetulia," akasema.

Imetulia mno. Kwa masikio tu, usingejua kwamba chakula kinaisha.

Nimeirudisha besi ilivyokuwa Agosti. Acha ivume.