Mkoba Uliohamia Kivulini

KITUO CHA POLISI, DURBAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gloriose Nabintu
Umri: miaka 36
Kazi: kusuka nywele, saluni ya Point Road
Makazi: Albert Park
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Jecha Faraji wa Chatsworth

Mimi, Gloriose Nabintu, nimekuja kituoni leo Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1998, kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa sababu mmemfungia Audace Barutwanayo, Mrundi, jirani yangu wa chumba cha pili, mkisema ameiba mkoba. Kesho asubuhi anatakiwa kuanza kazi kwenye ghala moja kule Mobeni. Ni kazi yake ya kwanza ya maana tangu afike Durban, maana mwaka mzima amekuwa akilinda magari ya watu barabarani. Asipofika kesho, nafasi anapewa mwingine. Bwana Jecha anayeniandikia ana Kiswahili cha wazee wake, kizuri kabisa, lakini nimemwomba asiyaoshe maneno yangu.

Mnamo Jumapili tarehe 13, saa nane mchana, mimi na Audace tuliingia uwanja mkubwa wa mpira wa hapa mjini. Mpira naupenda kuliko wanaume wengi, waulizeni pale saluni. Tulikaa upande wa jua, ndiko tiketi zetu zilikotupeleka. Kulia kwa Audace alikaa mama mmoja Mhindi, ambaye sasa namjua kwa jina la Mama Naicker. Alikuja peke yake, na kelele zake zilitushinda sisi wote. Alitugawia sambusa. Nampenda mpaka sasa, hata kama ametuletea balaa.

Inspekta ameniuliza kwa nini mtu abebe mkoba usio wake. Nimemwambia hilo haliwezi kueleweka mpaka nimweleze viwanja nilivyowahi kukaa. Ameangalia saa yake. Nimemwambia, baba, vumilia kidogo.

Wa kwanza ni wa Bujumbura. Mimi ni mtu wa Uvira, ng'ambo tu ya mpaka, na marehemu baba alikuwa akituvusha siku za mechi. Kule namba za viti hakuna. Iko saruji tupu, na jua linakupiga usoni mpaka unaona mipira miwili. Mapumziko yakifika, wanaokwenda kununua maji wanaacha vitu vyao. Anayebaki anavikusanya vyote, anakimbilia kivulini, anavitandaza: mkoba huu hapa, kofia ile pale. Kitu chako kikishakaa, na wewe umekaa. Ukirudi hutafuti, unatazama tu kule kivulini, unamwona mtu wako anakupungia mkono. Asiyebeba vya jirani ndiye anayesemwa, wanasema ana roho mbaya yule.

Lubumbashi, kwa kaka yangu, ni vilevile, ila mashabiki wanacheza kuliko wachezaji. Dar es Salaam niliingia uwanjani mara moja tu, tulipopita tukikimbia vita. Sikuwa na mtu. Mama nisiyemjua alinibebea kikapu changu mapumziko, akaniwekea nafasi kivulini. Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Uwanja wa hapa Durban unavipita vyote kwa uzuri. Viti vya plastiki, vyoo vina maji, nyasi utadhani zulia la harusi. Lakini kila mtu amekaa kwenye namba yake na mkoba wake kifuani. Zamani nilidhani ni roho baridi. Sasa naona ni woga, na sisi wageni pia tunao.

Mapumziko yalipofika, Mama Naicker alisimama kwenda kununua kinywaji. Aliacha mkoba kitini, akamwonyesha Audace kwa kidole amwangalizie. Mimi pia nilimwachia wangu. Tulipanga foleni moja. Tuliporudi, viti vyetu vilikuwa vitupu. Mama Naicker akapiga ukelele: "My bag! He took my bag!"

Mimi wala sikushtuka. Nilitazama juu, chini ya paa, kama nilivyozoea tangu utotoni. Audace alikuwa kule, anapunga mkono, meno yote nje, anaita: "Bamama, kuyeni huku! Kivuli iko!" Mkoba wangu ulikuwa kwenye kiti kimoja. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kimechafuliwa na ndege, kwa hiyo alivua koti lake, lile moja alilonalo, akalitandika juu yake, akaweka mkoba wa Mama Naicker hapo.

Walinzi walimfikia kabla yangu. Alisema na kusema, "Nimemuwekea mama nafasi," na hakuna aliyejua anasema nini. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kingereza changu nikikasirika kinanikimbia. Eish.

Sasa niambieni, mwizi gani anampungia mkono aliyemwibia? Mwizi gani anaacha geti, anapanda juu kwenye macho ya watu? Na mlipoufungua ule mkoba, kipi kilipungua? Hata sambusa zilizobaki zilikuwemo.

Nimekasirika, ndiyo. Lakini Mama Naicker simlaumu. Ningekuwa yeye, nisiyejua desturi ya kwetu, nirudi nikute kiti kitupu, ningepiga ukelele kumshinda. Namwomba tu akumbuke koti lilitandikwa kwenye kiti cha nani.

Nilichokiona ni hicho. Nimesomewa nikakubali, na mkitaka nitakirudia mbele ya hakimu, hata kwa kuimba.

Sahihi ya shahidi: G. Nabintu

MAELEZO YA OFISA: Maelezo haya yamesomwa kwa Kiingereza mbele ya mlalamikaji, Bi. Naicker, aliyekuwa amefika kuutambua mkoba wake. Aliuliza swali moja tu, kama lile koti lilitandikwa kwa ajili yake. Shahidi alijibu ndiyo. Mlalamikaji akaomba kuondoa malalamiko yake. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu leo alasiri, hana shtaka lolote. Mkoba umekabidhiwa kwa mwenyewe. Mlalamikaji alipotakiwa kutia sahihi, meza ilikuwa imejaa majalada, hakuwa na pa kuuweka mkoba. Akampa mtuhumiwa amshikie.

Inspekta B. Shezi
Mkalimani: J. Faraji