Sura ya Mwisho ya Mama Jakline

Jumatatu, 3 Juni

Nimesoma sura tatu za muswada leo. Mama Jakline anaandika vizuri kuliko mimi, na inaniuma. Riwaya yangu imelala kabatini, yake inakimbia. Ni habari za vita vya Nyunzu alivyovikimbia. Majina yote kayabadilisha. Ila yule mpiganaji aliyejitundika shingoni saa ya ukutani, saa ya wizi, yumo vilevile. Mtoto aliyejificha nyuma ya magunia stesheni anamwona akiua. Nimeandika pembeni: hapa usiguse kitu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepiga fotokopi, nisizidi kumchafulia nakala yake kwa maoni yangu. Mashine mbovu. Kurasa kadhaa zilitoka nusu nyeusi, nikaziacha palepale dukani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimenunua mandazi sokoni. Yamefungwa kwa ukurasa wa Mama Jakline! Kumbe mwenye fotokopi humpa muuzaji karatasi zilizoharibika. Nikanunua mandazi yote nipate karatasi. Mbili tu. Nyingine zimeshakwenda mjini, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mwenye ile saa anauza mbao hapahapa Kalemie, karibu na bandari. Kila mtu wa Nyunzu anamjua. Jina limebadilishwa, saa je? Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemaliza kusoma. Sura ya mwisho imeniliza. Mtoto wa magunia anapona.

Namjua mtoto huyo. Ni Aline, binti wa marehemu dada yake Mama Jakline, msichana mkubwa sasa, wanaishi pamoja. Sijamwambia Mama Jakline kuhusu kurasa. Nashtuka hata mbwa akibweka.

Jumatatu, 10 Juni

Amekuja. Mwenye mbao. Muuzaji wa mandazi kamwelekeza kwa mama anayekusanya karatasi. Ukurasa mkononi, umelowa mafuta. Akakaa kwenye kiti changu, kofia magotini. Hakupaza sauti.

"Mama, iko zingine? Ule mutoto mwenye alijificha kwa magunia, alipona?"

Macho mekundu. Ni majuto, au anamtafuta shahidi? Miaka yote najisifu kwamba najua kuandika mioyo ya watu. Moyo wa huyu sikuujua hata kidogo.

"Alikufa, Papa."

Akalia. Mtu mzima, kwa sauti. Nilimwonea huruma, nikamwogopa vilevile. Sikubadilisha neno.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mama Jakline, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kisha nikachukua sura ya mwisho, nzuri kupita zote, nikaandika pembeni: mtoto afe.

Akasoma. Akaniomba kalamu. Aline alikuwa uani anafua nguo, anaimba.