Mwonjaji wa Gungu

Gungu, Kigoma
9 Julai 2003

Mdogo wangu mpendwa Vénérande,

Shikamoo yako niliipokea pamoja na barua, nami naiitikia marahaba, ingawa ukifika mwisho wa karatasi hizi huenda ukatamani kuirudisha. Natumaini u mzima, Mama ni mzima, na kile kikohozi chako cha vumbi la kiangazi kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na asubuhi hizi ziwa linaleta baridi hata wanawake wanaoanika dagaa Bangwe wanajifunga vitenge viwili viwili.

Barua yako aliniletea Mwinshehe, yule mzee wa Ujiji anayepeleka dagaa kwenye soko la huko kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Alinikabidhi mkononi, akakaa anisubiri niisome, akaona uso wangu umebadilika. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, ni habari za posa ya mdogo wangu. Akasema hajapata kuona mtu anayesoma habari za posa kwa sura ile, akanywa chai yake akaenda zake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shule, maana kwa barua zako namjua Ndayikunda, jirani yenu aliyehamia hapo baada ya mimi kuondoka. Akiiona bahasha hatabanduka mlangoni, na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei za mihogo. Barua hii isome wewe kwanza, peke yako. Baada ya hapo utaamua mwenyewe nani asomewe.

Umeniandikia kwamba Harerimana bado anakutaka, na kwamba baba yake, Mzee Ntakarutimana, hana ubaya na wewe hata chembe. Ila amesema siku ya posa atakuja na watu wake, watakaa, watazungumza, lakini mrija wa pombe ya Mama hatautia mdomoni. Na posa ambayo haikunywewa pombe kwetu haijawa posa, watu wanakunja mikeka na kila mmoja anarudi kwake. Umesema tangu Mama aliporudi kutoka mjini mwezi wa tano watu wanamkwepa, kibuyu chake kinakwenda sokoni kimejaa na kinarudi kimejaa, na watoto wa jirani wameambiwa wasile kwetu.

Yote hayo yametokana na maneno aliyoyabeba Ndayikunda, ambaye alifuatana na Mama safari ile. Alirudi akieleza kwamba kwenye kiwanda kidogo cha pombe cha Pastory, hapa Gungu, mwonjaji wa kiwanda aitwaye Telesphory alimkatalia Mama mrija mbele za watu. Kwa mara moja Ndayikunda hakuongeza chumvi. Nawe unajua maana yake. Mwenye pombe hunywa kwanza ili mgeni aone hakuna kitu kibaya ndani, kisha humpa mgeni mrija ule ule. Mgeni akiukataa baada ya hapo, amemwita mwenzake mtia sumu, na hakuna haja ya kusema neno lingine. Mtu anaweza kuhama kambi na jina hilo likamfuata.

Ukaniomba niache mizigo yangu ya soko la Mwanga hata kwa siku moja, nipande Gungu nimtafute huyo Telesphory, nimwombe kwa heshima zote aje aseme mbele ya Mzee Ntakarutimana ni kitu gani alikiona kwenye kibuyu cha Mama. Kama hakuona kitu, basi aseme hivyo. Uliandika kwamba mtu yeyote aliyelelewa na mama yake hawezi kulikataa ombi hilo. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi.

Nimempata, Vénérande. Wala hakunisumbua kumpata.

Nikueleze kwanza ni mtu wa namna gani. Kiwanda chenyewe ni nyumba ya matofali yenye ua, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kuna matangi ya plastiki, kuna chupa zilizobandikwa karatasi ya kijani yenye picha ya mkungu wa ndizi, na kuna harufu inayowafuata wafanyakazi mpaka kanisani. Pastory, mwenye kiwanda, alikuwa seremala kabla ya kuwa mtengeneza pombe. Ni mtu wa kucheka, na akilipa mshahara huomba radhi kwamba ni mdogo. Telesphory ndiye ulimi wake. Huvaa koti jeupe kama la mganga wa zahanati. Huinua glasi dirishani aangalie rangi, huitikisa, huingiza pua, hufumba macho. Kisha huvuta funda moja, hulizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua meno, hulitema kwenye ndoo, na watu wote hunyamaza wakingoja bwana mkubwa aseme. Ndipo hutoa hukumu: ndizi hizi zimefukuliwa shimoni kabla hazijaiva sawasawa, mtama huu umeungua kikaangoni, hapa mtu ameongeza maji akidhani sisi ni wajinga. Na kwa bahati mbaya huwa hakosei. Ungemwona ungecheka, halafu ungetamani kumpiga kofi.

Ulimi huo hakuupata hapa mjini. Kuna mwanamke aliyekuwa akimdondoshea matone kiganjani alipokuwa mtoto, akimwambia alambe kisha aseme pombe ya leo ina kasoro gani. Lakini alipoomba kazi alidanganya kwamba alifundishwa na mjomba wake huko Buhigwe, na kwamba yeye ni Muha wa huko. Kiha na Kirundi ni ndugu, akiyameza maneno machache hakuna anayemshtukia. Wakati ule watu wasio na kibali cha kutoka kambini walikuwa wakirudishwa, na Pastory alikuwa amekwisha kusema kwamba mkimbizi hatamwajiri, si kwa chuki, ila hataki matatizo.

Sasa mwezi wa tano chupa za Pastory zikaanza kuchacha madukani. Akaamua kuwaita wanawake wanaojua urwarwa, pombe ya ndizi ya asili, kila mmoja alete yake ionjwe. Ambaye yake ingeshinda angepewa kazi ya kuwafundisha wengine, kwa mshahara wa kila mwezi. Agnesi wa Bangwe alikuja, walikuja na wengine wa Mwanga, na kutoka kambini walikuja Mama na Ndayikunda kwa kibali cha siku moja. Pastory alikuwa amealika pia wageni wawili wenye vyeo serikalini, wamekaa kwenye benchi na soda zao.

Mama aliingia uani na kibuyu mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama anavyobebwa mtoto. Alipoulizwa jina akasema ni Mélanie, mkimbizi, mkulima. Wenzake walikuwa wamemimina kwenye glasi kama walivyoelekezwa, na Telesphory alikuwa ameonja na kutema, ameonja na kutema. Zamu ya Mama ilipofika hakumimina. Akachomeka mrija kwenye kibuyu, akanywa yeye kwanza, akaupangusa mdomo wa mrija kwa kiganja, akamnyooshea Telesphory kwa mikono miwili. Telesphory akarudi nyuma. Pastory akauliza kuna nini, kwani ile pombe ina kasoro? Telesphory akasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchini kwamba mama huyu hamjui, na yeye hanywi kwa mtu asiyemjua.

Ndayikunda alishika kichwa. Agnesi akageuka akatazama ukutani. Mama akaushusha mrija, akafunga kibuyu chake, akakirudisha mgongoni. Alipoulizwa pombe ipi imeshinda, Telesphory alisema ya Agnesi, nayo si pombe mbaya, ila ukiimeza haikuachii kitu cha kukumbuka.

Utaniuliza nimeyajuaje yote haya kwa mpangilio namna hii, na mimi ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Mdogo wangu, sijabeba mzigo Mwanga tangu mwaka juzi. Telesphory ni mimi. Koti jeupe ni langu. Aliyemwambia Mama kwamba hamjui ni mimi mwanawe.

Nimeandika hapo juu kama namsema mtu mwingine kwa sababu nimejaribu kuanza na "mimi" nikashindwa. Naona aibu. Naona aibu ninaponawa uso, naona aibu ninapotia chakula mdomoni, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba nilikaa miezi yote hii kimya nikijiambia mambo yatapoa, mpaka barua yako ilipokuja kuniomba nijitafute.

Nataka ujue alivyofanya Mama, maana nina hakika hajakwambia. Alipovuka mlango wa ua alinitambua papo hapo. Niliona macho yake yakisimama kwenye koti, kisha Pastory akaniita Telesphory, naye akainamisha kichwa. Alipofika mbele yangu alinisalimia habari za kazi, bwana. Mama yetu aliniita bwana. Alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu na amekwisha kuamua kunificha, na mimi sikuwa na sababu yoyote ya kuogopa. Mrija alininyooshea kwa sababu ndivyo anavyompa mtu pombe, hajui namna nyingine. Lakini mimi nilifikiri, nikiupokea kutoka mdomoni mwake nitaunywa kama ninavyounywa nyumbani, na wale wa benchini wataona kwamba mimi ni mwanawe, mkimbizi asiye na kibali. Hofu ilinitangulia kusema. Nilipomaliza sentensi ile nilimwona Mama akinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotutazama tukiwa na homa.

Na alipokuwa anaondoka alimwuliza Pastory jambo moja tu, kama vijana wanaofanya kazi pale hupata chakula cha mchana. Pastory akacheka, akamwambia wanapata ugali na dagaa kila siku. Mama akasema vizuri. Akatoka na kibuyu kilichojaa. Umeniandikia kwamba kila akiulizwa huko kambini ni nani aliyemkatalia, anajibu ni kijana tu wa mjini. Jina lake linachafuka, anaogopewa kwenye soko lake mwenyewe, posa ya binti yake inaning'inia, na bado ananifichia. Harufu ya pombe ile niliipata mrija ukiwa bado mikononi mwake. Ndizi zilikuwa zimeiva barabara, na moshi ulikuwa kidogo tu, kama anavyopenda. Katika ua mzima ndiyo pekee ambayo sikuionja, na ndiyo niliyoihukumu.

Juzi nilikwenda kwa Pastory nikamweleza jina langu la kweli, kwetu, na kwamba niliyemkana pale uani ni mama yangu. Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa juu ya kreti, akaniuliza kama ndiye yule mama aliyeulizia chakula cha wafanyakazi. Nikasema ndiye. Akasema kwa mtu yeyote hatanitaja, ila kazini hawezi kunibakisha, na si kwa ajili ya kibali peke yake. Alisema kuanzia sasa nikimwambia pombe fulani ni nzuri hatajua kama aniamini. Nikavua koti nikalikunja.

Kwa hiyo nakuja. Mwinshehe amekubali kunipakia kwenye lori lake, nitafika kambini mkesha wa posa, na nitajiandikisha upya langoni kwa jina langu. Najua nikishaingia hawatanipa kibali cha kutoka kirahisi. Usilihangaikie hilo.

Nakuomba siku yenyewe usinikalishe na ndugu. Nikalishe upande wa wageni, karibu na Mzee Ntakarutimana, mahali anaponiona vizuri. Kabla pombe haijapita nitasimama nimwambie yeye na watu wake wote nilichofanya Gungu, na ni kwa nani nilifanya. Ndayikunda awepo, maana bila yeye habari haifiki kokote. Kisha Mama anywe kwanza kama ilivyo desturi, na akipenda, anipe mimi mrija kabla ya mgeni mwingine yeyote.

Nasema akipenda. Usimshike mkono, usimsihi, na usimwambie kwamba nimejuta kwa ajili yenu, maana hilo atalipokea upesi mno. Nitakuwa nimekwisha kumsafisha kwa maneno yangu, naamini Mzee ni mtu mwenye haki, na posa yako haitakwama. Kinachobaki ni kati yangu na Mama. Akipita na kibuyu mbele yangu bila kusimama, mwacheni apite. Na watu wakimwuliza kijana huyu ni nani, naye akajibu kwamba hanijui, tafadhali msibishane naye.

Mpe salamu Harerimana, mwambie ashikilie alichoanza. Kwa Mzee Ntakarutimana nifikishie shikamoo ya mtu asiyestahili bado kuitikiwa. Mama usimwambie kitu, ila usiku nitakaofika mpikie yale maharage mekundu anayoyapenda, umwache ale kwanza. Mungu awaweke mpaka nifike.

Mimi kaka yako,

Bigirimana, mtoto wa Mélanie