Sumaku za Nizigama

Jumatatu, 3 Machi 1997

Mvua tangu asubuhi. Mteja hakuna, ila Nizigama, yule mkimbizi wa Burundi aliyepanga chumba mtaa wa Katubuka na mkewe Spesiosa. Haleti kitu cha kutengeneza. Huja kusikiliza habari za kwao kwenye redio za watu, maana ya kwake hana pesa ya betri kila siku. Leo nilikuwa nafungua sipika mbovu, bisibisi ikanasa kwenye sumaku. Akashangaa. Akauliza kama inaweza kunasa na risasi. Mimi na mdomo wangu! Nikamwambia ajifunge mbili kifuani, risasi zitampita kama wageni waliokosea nyumba. Tukacheka. Nikikumbuka vizuri, nilicheka mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe utani wangu aliuchukua kuwa kweli. Watu walioshuka na boti Bangwe juzi, kutoka kwao, wamemletea habari: mama yake amefariki. Binti yake Iradukunda, miaka tisa, aliyebaki na bibi huyo, sasa yuko kwa majirani, na majirani nao wanajiandaa kukimbia. Nizigama anataka kuvuka ziwa akamchukue. Ameniomba sumaku.

Nikamwambia ule ulikuwa utani, ndugu yangu, jamani! Akatoa kiberiti mfukoni. Ndani yake risasi – ile waliyomtoa pajani alipokimbia. Anatembea nayo kama hirizi. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza ubishi. Rangi yake ya shaba, na shaba haishikwi na sumaku, hilo nalijua tangu shuleni. Nikaiweka mezani, nikasogeza sumaku taratibu ajionee.

Ta! Ikaruka, ikanasa.

Ndani ni chuma. Shaba ni ngozi tu. Fundi mzima! Nikaanza kueleza kwamba sumaku inavuta, haifukuzi, na kwamba kitu kilicholala mezani si sawa na kinachotoka kwenye bunduki. "Umeiona mwenyewe, fundi," akasema. "Imeikamata." Anatabasamu, machozi yanamlengalenga. Nikampa mbili. Mungu anisamehe, nilimpa ili aondoke.

Jumamosi, 8 Machi

Roho haikutulia. Nimefanya jaribio nyuma ya nyumba. Sumaku mbili kubwa nimezifunga kwenye vigingi, zikatazamana. Manati. Gololi za beringi ya baiskeli. Mgomba mbele. Jirani yangu Mama Scola akauliza kama nimerudi utotoni. Kwanza nilipiga bila sumaku, nikatia alama kwa makaa. Kisha nikapitisha katikati ya sumaku. Mara kumi. Palepale! Hata upana wa kidole hazikupinda. Na hiyo ni manati ya mpira. Bunduki je?

Nikakata kile kipande cha mgomba chenye matundu, nikakibeba begani hadi Katubuka nikamwonyeshe. Watu wananitazama. Nikamkuta Spesiosa anaanika nguo, peke yake. Mumewe ameondoka alfajiri na boti kutoka Bangwe.

Akasema alimshonea fulana yenye mifuko. Akasema tangu mumewe aijaribu mbele yake, yeye Spesiosa haogopi sana. "Mungu akubariki, fundi." Nikashusha mgomba nyuma ya miguu yangu. Hakuuliza ni wa nini. Nimerudi nao.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna habari.

Jumatano, 12 Machi

Redio inasema kuna mapigano kule mwambao wa ziwa, upande wa kwao. Nikaizima. Nikaiwasha tena.

Bonifasi wa duka la jirani kaja na utani wake wa kila siku. Nimemjibu vibaya. Utani umenitoka kabisa mwilini. Najuta. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Spesiosa kaja asubuhi. Shikamoo, halafu akaninyooshea redio yao. Haitoi sauti tangu mumewe aondoke, naye anataka kusikia habari. Nikaifungua. Sipika haina sumaku. Mbili nilizompa hazikumtosha, aling'oa na ya kwao.

Spesiosa akachungulia, akaelewa. "Hiyo ni ya mgongoni," akasema. "Nilimshonea mfuko wa tatu."

Kisha akanieleza. Boti inavuka tena Jumatatu, amepewa nafasi. Atakwenda kuwatafuta wote wawili. Akatoa fulana kwenye kikapu, ya kwake, imekwisha kushonwa, mifuko mitatu. Anaomba sumaku.

Zimebaki zilezile mbili za kwenye vigingi, ziko mezani mbele yake. Nikimwambia hazifai kitu, nitakuwa nimemwambia nini kuhusu Nizigama? Nikinyamaza, anapanda boti. Kipande cha mgomba kiko hapa chini ya meza, kimeanza kuoza, matundu yote yanaonekana. Ni kukivuta tu kwa mguu.

Nimemwambia nasubiri pasi ya kulehemu ipate moto, ndiyo maana naandika. Imepata moto zamani. Amekaa mlangoni, fulana mapajani, anapima mifuko kwa vidole. Sasa hivi ameniuliza, kwa upole kabisa:

"Fundi, ile kubwa zaidi ikae upande wa moyo?"