Nili Kisimani

Jumanne, 8 Aprili 1947

Mahamri tangu alfajiri, kisha vifungo vya kanzu mbili. Mkono wauma. Adhuhuri Athmani, mume wangu, amerudi kutoka bandarini kula, na habari. Nyumba yetu ya zamani yauzwa. Bwana Yusufali, aliyeinunua kwa ami zangu baba alipofariki, anahamia kwa mwanawe Unguja.

Athmani ameweka akiba miaka yote ya vita. Alisema tu, "Nyumba yenu, Zuhura," akaendelea kula. Mama alikuwa chumba cha pili. Alisikia. Hakumaliza chakula chake.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumekwenda kuiona. Nyuma ya Ndia Kuu, kichochoro kile kile. Nimeingia kwetu kama mgeni, nikabisha hodi, nikavua viatu. Pale kwenye nguzo ndipo nilipokuwa nikisukwa nywele. Pale baba alikuwa akilala mchana, kofia usoni.

Na kisima, katikati ya ua. Jiwe la mdomoni limeliwa na kamba, mifereji mifereji. Nimetia vidole mle. Wakati wetu kichochoro kizima kilikuja kuteka hapa, na Mama hakumkataza mtu. Nimelia mbele ya watu. Nimeona haya.

Bi Sakina, mkewe Yusufali, alinipa chai. Mjukuu wake mdogo alikuwa amelala mkekani, tumbo lamsumbua. "Kila masika huwa hivi," alisema.

Nyumba yote chokaa ya zamani. Ukuta wa upande wa choo tu una chokaa mpya.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu jana. Nimemwambia Athmani habari ya ile chokaa. Akasema nyumba huonyesha tabia yake siku ya mvua. Tukachukua mwavuli, tukaenda.

Maji ya darini yanamwagika kichochoroni, na mtaro wa nje umezibwa. Hayana pa kwenda. Yanarudi ndani chini ya kizingiti. Ile chokaa mpya imevimba. Athmani aliigusa kwa kidole, ikabambuka. Nyuma yake jiwe jeusi, limeloa. Na choo ki karibu mno na kisima. Utotoni hatukuliona hilo. Nani angeliona?

Bwana Yusufali amesema yupo mtu wa Ganjoni anayeitaka, atakuja Jumamosi. "Sikuharakishi, Bi Zuhura. Lakini yule hataki kukagua kitu."

Kurudi, Mama akauliza kama nguzo ya uani ingalipo. Ingalipo. Akatabasamu. Ameanza kufunga nguo zake bahasha kwa leso, tayari kuhama.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikuwa nikifua kanzu nyeupe leo. Nimetia nili, nikatazama buluu inavyotambaa majini. Nikaacha kanzu kwenye karai, nikavaa buibui.

Bwana Yusufali alichukia kwanza. Nyumba yake si ya kufanyiwa majaribio. Bi Sakina akasema kutoka ndani, "Mwache amwage." Nikakoroga nili nyingi kwenye ndoo, nikaimwaga chooni.

Nimeomba Mungu isionekane kisimani. Naitaka nyumba ile mpaka naona aibu.

Ijumaa, 18 Aprili

Baada ya sala ya Ijumaa tumeteka. Tukamimina kwenye bakuli jeupe.

Buluu. Hafifu, kama mshipa chini ya ngozi. Lakini buluu.

Bi Sakina alimtazama mjukuu wake, akanyanyuka kwenda kuwasha moto, akabandika sufuria ya maji.

Hapo nikamkumbuka Mbwana, ndugu yangu mdogo. Masika moja, tukiwa watoto, alitapika, akaharisha, kabla ya jua kutua amekwisha. Watu walisema ni jicho la husuda. Alikuwa akiomba maji, na maji yalikuwa haya.

Jumatatu, 21 Aprili

Athmani asema tunaweza. Kisima kizibwe, choo kihamishwe, mtaro uchimbwe upya. Angefanya yote kwa ajili yangu, najua. Nimemwambia hapana. Siwezi tena kukaa ua ule.

Nilitaka kumtajia Mama unyevu wa kuta tu. Akauliza, "Na kisima?" Sikuweza kusema uwongo.

Alasiri akalitaja jina. Miaka mingi hajalitaja.

"Mbwana. Ni mimi niliyemnywesha, Zuhura. Aliomba maji."

"Hukujua, Mama."

"Sikujua. Nikamdhania Rukia."

Bi Rukia alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kule nyumba ya zamani. Alikuwa amemsifu Mbwana juzi yake, kwamba mtoto amenawiri. Walikuwa kama ndugu, yeye na Mama. Baada ya msiba Mama hakumsalimu tena. Mimi nilidhani waligombania mambo ya wakubwa.

Nimefungua bahasha. Nimezirudisha nguo sandukuni. Mama ametazama tu.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepungua. Bwana Yusufali alimweleza yule wa Ganjoni kweli yote, na mtu akaenda zake. Kisima kimefunikwa kwa mbao. Mtoto anacheza.

Sisi tumepata nyumba mtaa wa Bondeni. Ndogo, makuti, msingi umeinuka. Niliiangalia siku ya mvua kubwa, maji yakapita nje yakaenda zao. Haina kumbukumbu ya mtu yeyote. Bado naiota ile nyingine.

Leo Mama ametaka nimpeleke mjini. Mlangoni pa nyumba yetu ya zamani hakusimama. Alipita, mkono ukigusa ukuta, akabisha hodi nyumba ya pili.

Bi Rukia haoni tena. Yu kitandani, tasbihi mkononi. Akauliza nani.

"Ni mimi. Mama yake Mbwana."

Bi Rukia akasogea ukutani, akapapasa godoro kumwonyesha mahali pa kukaa.

Nikawaacha. Magharibi nimekwenda kumchukua. Amesema nirudi baada ya isha.