Nywila na Sufuria ya Maneaba

Jumatatu, 6 Machi

Semina imeanza! Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nusu wamefuata mafunzo, nusu wamefuata chai na kiyoyozi. Sijali. Miaka yote nimeomba nione makarani wa Idara ya Kumbukumbu za Visiwa wamekaa mbele ya kompyuta bila woga, na leo nimeona. Ten Tokoriri, mkongwe wa ofisi, kashika kipanya kama mtu anayeshika kaa — lakini kashika!

Mshauri kutoka Wellington, Alasdair, kaleta rasimu ya sera ya usalama wa kompyuta. Kurasa nyingi, zimechapwa vizuri. Kila mahali palikuwa na jina la nchi nyingine, likafutwa, likaandikwa Kiribati. Si mtu mbaya lakini. Huuliza kabla ya kusema, ameshajua Ten ni bwana na Nei ni bibi, na biskuti huleta yeye. Kaniambia niirekebishe iwe yetu, kwa sababu Makatibu wa wizara wanataka kuipitisha mwezi huuhuu. Ikipita, visiwa vya nje vyote vitaunganishwa na kumbukumbu zetu. Mtu wa Onotoa hatapanda tena meli kuja Tarawa kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kazi hiyo wamenipa mimi. Mimi!

Mjomba Biketi kaniletea kifurushi kwa boti ya Abaiang. Samaki wakavu, na matunda ya mkadi yaliyopondwa yakaanikwa. Hakuna barua. Ya nini? Mbata alizokausha huyu mzee ndizo zilizonipeleka chuo Suva. Mpaka leo nikiwasha kompyuta nasikia harufu ya mbata. Nashukuru, Mungu wangu. Nashukuru sana.

Jumanne, 7 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Somo la leo lilikuwa nywila. Nikasimama mbele kwa madaha: usimpe mtu nywila yako, awe nani awe nani. Tokoriri akanyoosha mkono.

"Akiwa shemeji yangu je?"

"Hata shemeji."

"Na akija kwa bubuti?"

Darasa likaangua kicheko. Alasdair peke yake hakucheka, ikabidi nimweleze. Ndugu akikuomba kitu kwa bubuti, humnyimi. Ukimnyima umemwambia mbele ya watu kwamba yeye si ndugu yako. Leo anachukua baiskeli yako, kesho wewe unachukua nguruwe wake, na ndiyo maana hapa kwetu halali mtu na njaa. Akauliza, hata nywila? Nikajibu kwa kiburi kwamba nywila ni kitu kingine kabisa.

Hapo Tokoriri akainuka. Akajifunga shuka vizuri kiunoni. Akaacha kutabasamu.

"Nei Rotia. Bibi yako na bibi yangu walinyonya ziwa moja. Nakuomba kwa bubuti, nipe nywila yako."

Nikafungua mdomo niseme hapana. Ikatoka nywila! Herufi zote, na alama ya mshangao mwishoni. Watu walicheka mpaka wengine wakajilaza sakafuni. Tokoriri mwenyewe alinipa pole, akaniambia nisijali, ameshaisahau, kumbukumbu yake haifai hata kwa majina ya wajukuu.

Nimeshaibadilisha. Lakini mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Mimi ndiye mwalimu! Sera ambayo mwandishi wake hawezi kuishika, nani ataishika?

Alhamisi, 9 Machi

Mzaha umekwisha.

Alasdair alikuwa akikagua mfumo wetu wa majaribio. Kakuta akaunti ya karani mwenzetu, Ten Uriam, ilitumika wiki iliyopita, ikachapa cheti cha kuzaliwa. Wiki iliyopita Uriam alikuwa Maiana, anamzika baba yake.

Katibu wetu, Nei Tiarite, akamwita. Uriam hakuficha kitu. Binamu yake alimjia kwa bubuti, mtoto anaanza shule, cheti kinatakiwa. Akampa nywila, akaenda msibani. Cheti ni cha kweli. Mtoto ni wa kweli, namjua, ana mapengo. Lakini Nei Tiarite kasema mlango uliofunguliwa leo kwa cheti cha kweli, kesho utafunguliwa kwa shamba la mtu. Na hapo hajakosea, hati za ardhi nazo zimo humohumo. Nani atatuamini na mashamba ya visiwa vyote?

Anataka Uriam aondoke kabla sera haijafika kwa Makatibu. Iwe funzo. Kibarua kimeota nyasi, hivihivi!

Huyu Uriam ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza ofisini. Viti vilikuwa haba. Akanipa chake, yeye akakaa juu ya ndoo, mwezi mzima, anapiga chapa goti likiwa kidevuni. Leo nimemkuta nje anavuta tumbaku.

"Ningemwambia nini binamu, Rotia? Kwamba kompyuta ni ndugu yangu kuliko yeye?"

Nilikaa naye tu.

Jumapili, 12 Machi

Nimepata! Nimepata, na nimeipata kwenye sufuria!

Baada ya ibada tulikaa kwenye maneaba ya parokia, ukumbi wa wote, kila ukoo mahali pake kama kawaida, tunakula shelisheli na samaki. Nei Maata, ambaye mjukuu wake anatimiza mwaka, akamwendea mtunza maneaba. Ni mpwa wake wa damu. Akamwomba kwa bubuti sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wote. Nikasema moyoni, sufuria imeondoka hiyo.

Mtunza kacheka tu. "Shangazi, sufuria si yangu. Yangu ningekupa na mfuniko. Hii ni ya maneaba. Simama hapo katikati uwaombe wenyewe."

Nei Maata akatazama watu, ukoo kwa ukoo, wazee wamekaa na migongo kwenye nguzo. Akacheka naye. "Basi nitaazima kwa jirani." Wakaendelea kula. Hakuna aliyenuna! Hakuna aliyeambiwa si ndugu! Nimeyaona haya tangu utoto na sijawahi kuyaona.

Bubuti huomba kilicho changu. Kisicho changu hakiombwi kwangu. Tumekosea tangu mwanzo. Tunawaambia watu "nywila yako, nywila yako, itunze." Ikiwa yangu, basi ni ya ndugu zangu wote!

Sikumaliza samaki. Mume wangu kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeandika kutwa. Nimefuta "nywila yako" kila mahali. Nimeandika: nywila ni mali ya maneaba ya nchi, mtumishi ni mtunzaji tu. Anayeitaka asimuombe mtunzaji. Aje kwenye mkutano wa idara, asimame katikati, aiombe mbele ya wote na aseme sababu.

Alasdair kaisoma mara mbili. Nilidhani atasema haya si mambo ya kompyuta. Kasema katika nchi zote alizofanya kazi watu hugawana nywila na kudanganya kwamba hawagawani, na hajawahi kuona sheria inayompa mtu njia ya kukataa bila kugombana na mama yake. Kisha akala mkadi wangu wote. Halali yake.

Jumatano, 15 Machi

Nimeingia kwa Nei Tiarite. Akasema sera ni nzuri, ataipeleka. Uriam lakini ataondoka.

Nikamwambia Uriam hakuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuwepo. Tulimwambia ni yake, naye akafanya na chake kama alivyolelewa. Akasema kila mtu mzima anajua nywila haitolewi. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

"Mimi niliitoa. Mbele ya darasa zima, Jumanne ile. Ukimfukuza Uriam, andika barua mbili."

Akanitazama juu ya miwani. Nikawaza mkopo wa nyumba, nikawaza uso wa mjomba. Feni inazunguka. Mwishowe kauliza, taratibu, kama ni kweli niliitaja pamoja na alama ya mshangao.

"Ndiyo, Katibu."

Akafunika uso kwa faili. Mabega yanacheka! Nei Tiarite! Akisha kujifuta macho kasema Uriam atabaki mpaka Makatibu waamue. Sera ikipita kama nilivyoiandika, atabaki kabisa. Ikikataliwa, atakwenda, na mimi nitatafutiwa kazi isiyo na kompyuta.

Haki. Nashukuru hata kwa hiyo.

Ijumaa, 17 Machi

Siku ya mwisho ya semina. Tumefanya mazoezi: mmoja anaomba, mwingine anajibu. Mwanzoni walicheka, wanainamisha vichwa, hawawezi. Kisha Uriam akajitolea. Wakamwita binamu yake hasa, yule wa cheti, anafanya kazi jengo la pili! Kaja na kandambili, hajui anaitiwa nini. Akaambiwa aombe. Akaomba.

Uriam akameza mate. "Si yangu, binamu. Ni ya maneaba."

Binamu kashangaa. Kisha kauliza, "Kumbe? Mbona hukuniambia mapema? Ningeomba cheti dirishani kama watu." Makofi! Tokoriri kaimba. Tumekula tuna na wali, na mtu kaleta tembo la mnazi, likaitwa juisi kwa heshima ya ofisi.

Jumanne, 21 Machi

Mvua. Intaneti imekatika. Tanki limejaa, alhamdulillahi angesema yule baharia wa Zanzibar aliyewahi kuishi kwetu Betio. Sina zaidi.

Ijumaa, 24 Machi

IMEPITA.

Mzee mmoja kati ya Makatibu aliuliza, na waziri akitaka nywila je? Nei Tiarite kajibu kwamba waziri ana miguu, anaweza kusimama katikati ya maneaba kama mtu mwingine. Vicheko, mikono juu, basi. Uriam amebaki. Kaniletea ofisini kiti kipya, na ndoo, kaniambia nichague. Nililia kidogo, nikakaa juu ya ndoo.

Asante kwa Nei Maata na mjukuu wake. Asante kwa Tokoriri na ziwa la bibi zetu. Asante kwa mjomba, ambaye bila yeye ningekuwa pwani nageuza mbata. Nitamtumia habari kwa redio ya kisiwa.

Jumamosi, 25 Machi

Naandika jikoni. Maji hayajachemka.

Sikuwahi kumtumia habari. Mjomba Biketi kaja mwenyewe, na boti ya asubuhi, gunia la magimbi begani, miguu imevimba. Nilifurahi nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamkalisha kwenye ulingo wa nje, penye upepo. Nikamweleza yote, sera, Makatibu, ndoo. Alisikiliza amefumba macho. Akasema mama yangu angekuwa hai angetembea Tarawa nzima akiringa.

Kisha akajifunga shuka vizuri kiunoni.

Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa.

"Rotia, mwanangu. Shamba letu la Koinawa linasikilizwa mahakamani wiki ijayo. Wale wa upande wa pili wanasema babu aliwapa wao. Kijana wangu Tebano yuko pale halmashauri, kompyuta ya majaribio amewekewa, ila kurasa za ardhi hazimfungukii. Nakuomba kwa bubuti. Hiyo nywila yako. Siku moja tu, atazame jina la babu."

Hajawahi kuniomba kitu. Hajawahi! Karo yeye, nauli ya Suva yeye, viatu vyangu vya kwanza vya ngozi yeye. Alipougua kifua alikataa hata nimnunulie dawa. Maisha yangu yote nimesubiri aniombe kitu nimpe, chochote, nyumba, mkono huu. Kaja kuniomba hicho. Na shamba ni letu, naamini ni letu.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Niliona herufi ya kwanza kabisa. Nikamwona na Uriam, anameza mate.

"Si yangu, mjomba. Ni ya maneaba."

Nikaanza kupayuka. Jumatatu kuna mkutano, nitasimama nawe pale katikati, tutaiomba pamoja. Au twende dirishani tuombe nakala ya shamba, mimi nitapanga foleni, wewe ukae. Nilisema mengi, namshika mkono, mkono mgumu ule wa kufua nazi. Alikuwa anawatazama nguruwe wa jirani. Fadhila za punda ni mateke. Neno hilo sijui kama alilisema yeye au nililisema mimi kichwani.

Mkoba wake hajauingiza ndani. Uko pale mlangoni. Boti inarudi Abaiang jioni.

Mwishowe akauliza, bila kunigeukia:

"Na chai? Chai ni yako, au nayo ni ya serikali?"

Nimekimbilia huku. Sikuthubutu kumtazama usoni, sijui kama alikuwa anacheka. Nimetia sukari yote iliyokuwamo koponi, na maziwa ya kopo juu yake. Nimekata mkate mnene. Nasikia mbao za ulingo zinalia. Anainuka, au anajilaza?

Maji yamechemka.